Syauswa Henri na Kopo ya Pesa ya Roma

Baba padri, bamama, bababa, banafunzi: ni mimi Katungu Eliane, mudogo wake, nasoma maisha ya yaya wangu. Bibi yake Berthe ndiye aliniomba. Kuko kitu hajue bado, na nitaisema mbele hatujatupa udongo.

Syauswa Henri alizaliwa Vuhovi tarehe 9 mwezi wa tano 1966, mu familia ya balimaji. Sekondari alisoma Beni, akilala kwa mujomba wetu kule Bungulu. Padri mumoja muzee alimufundisha Kilatini, na mbele ya kufa akamuachia kopo ya biskuti yenye pesa makumi ine za Roma ya kale, zote za shaba.

Tangu 1991 alifundisha Kilatini hapa Butembo. Kila mwanafunzi aliwekewa pesa moja mu mukono. “Angalia uso kwanza,” alikuwa anasema. “Iko na ndevu? Iko na taji? Kisha zungusha polepole, soma herufi.” Siku moja mwanafunzi mumoja, Esdras, aliangalia uso wa mufalme Nero na shingo yake nono, akasema: “Mwalimu, huyu ni muchinjaji wa mbuzi wa pale soko!” Yaya alicheka mpaka akatoka inje, akamupa point zote.

Alioa Kanyere Berthe mwaka 1995, ku parokia. Ili kupima zile pesa, alinunua mizani kidogo ya bauzaji ba zahabu. Na hapa mu kartie yetu ya Vulamba, mutu akionekana na mizani ile, donc iko na zahabu! Huo ndio ujinga wetu.

Ugonjwa? Hapana ugonjwa. Siku ya posho, samedi tarehe 11 mwezi wa kumi 2025, saa kumi ya muchana, batu bane baliingia kwake na panga na bunduki. “Zahabu!” Yaya akafungua kopo. “Ni shaba tu, bakubwa. Huyu wa ndevu ni Hadriano, jina lake ni hii.” Bakakata ule mukono uliokuwa unaonyesha jina. Bakamupiga risasi mu tumbo, Berthe anaangalia, bakamwaga pesa mu matope. Alikufa hospitali kesho yake asubui, miaka 59.

Sasa hii haiko mu programu. Ku soko, mwezi wa tisa, mama mumoja aliniuliza: “Yaya wako anapima zahabu?” Nilipashwa kusema hapana. Kiburi ikanishika, nikacheka: “Pesa ya bafalme, unazani ni ya shaba?” Soko muzima balisikia. Ni mimi niliita bale bezi.

Anaacha Berthe, batoto Élisée, Sagesse na Rébecca, bajukuu babili, na mimi. Berthe, kama hauwezi kunishika mukono leo, acha. Yaya Henri, Bwana akulaze mu amani yake.