Jina Nililomnyima Baba Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata na sisi tunaomsifu kwa machozi!

Miaka ya mwanzo ya Uhuru tulipata shamba dogo hapa Naro Moru, mimi na mke wangu Wambui. Nilikuwa nimeokoka karibuni, nimesoma hadi kidato cha pili, na kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka kooni. Mungu akatupa mtoto wa pili wa kiume. Mnaijua desturi yetu: wa kwanza huitwa jina la baba wa mume, wa pili jina la baba wa mke. Ni kama kumzaa mzee upya. Huyu alipaswa kuitwa Gathogo.

Nilikataa! Mzee Gathogo wa kule Kagio hakuwa amebatizwa, na bado alimwaga pombe chini kwa ajili ya wafu wake. Nikamwita mtoto Yeremia. Nikasimama kanisani nikasema nimekata kamba za giza, na waumini wakapiga makofi. Mke wangu hakupiga. Kaka yake aliniuliza pale mlangoni, "Kwa hivyo baba yetu hafai hata kuitwa na mtoto mchanga?" Nikamjibu kwa aya ya Biblia.

Yeremia alikufa kwa surua kabla hajajua kusema vizuri.

Ndugu zangu, niliijua jehanamu nikiwa hai! Majirani walinong'ona ati mzee amekasirika huko Kagio, na laana yake ndiyo iliyomwua mtoto. Mimi niliyecheka mambo hayo nikaanza kuyaogopa. Siku nyingine niliona ni Mungu aliyenipiga na kunitupa. Nikafunga, nikaomba, mbinguni kimya. Mhubiri alipouliza ni nani ana hakika ya wokovu, niliinua mkono, nao ulikuwa mkono wa mwongo. Siku moja nikamsikia Wambui akilia shambani, akiita, "Gathogo wangu!" Kumbe ndivyo alivyomwita mtoto tangu akimnyonyesha.

Ndipo mzee akaja mwenyewe, na kiondo cha nduma, yale magimbi ya kwetu. Aliomba aonyeshwe kaburi. Akapiga magoti, akang'oa magugu kwa mikono yake. Nami nikaanguka kando yake.

"Mkwe wangu," akasema, "ati mimi nimeua mtoto? Mtu mzima kama mimi nigombane na mtoto juu ya jina? Hilo lenu la Yeremia ulimi wangu umelishindwa kabisa, lakini mwenyewe nilimpenda."

Nikamwomba msamaha. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Nilikusamehe zamani. Wewe ndiye hukuja."

Ndugu zangu, Mungu alinihubiria kwa kinywa cha mtu niliyemwita giza! Msamaha wa Kristo ulikuwa umekwisha kutolewa msalabani, nami nilikuwa nikijaribu kuununua kwa njaa na machozi. Nikaamini pale pale, magoti yangu yakiwa kwenye udongo wa mwanangu. Ile hofu haijarudi.

Sitawadanganya. Hatukupata mwana mwingine. Mzee alikufa, na hakuna anayeitwa jina lake nyumbani kwangu. Wambui alinivumilia hadi alipolala usingizi wa mauti, na sijui kama alinisamehe kabisa. Uchungu huo ni wangu, ninaunywa. Lakini nimekombolewa! Namshukuru Yesu ambaye hakunipima kwa kipimo nilichompimia mzee.

Nawe unayejiuliza leo kama Mungu bado anakutaka: anakutaka. Usikae mbali kama nilivyokaa mimi.