Ukitaja Harusi, Mtandao Wakatika

Barazani kwa Sheikhan fundi cherehani, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, hakuna jambo dogo. Baraza yenyewe ni kipande cha saruji kilichoegemea ukuta, chini kabisa ya dirisha la sebule yake, lakini kila baada ya sala ya alasiri dunia nzima hujadiliwa hapo na kukatiwa hukumu. Alasiri hii watu walikuwa walewale. Alikuwepo Yazid, aliyeitwa Kebo kwa sababu kila balaa duniani yeye husema limetokana na kebo za baharini. Alikuwepo Maxwell, mwenye duka la kutoa kopi huko Bondeni, ambaye kwa kushinda na karatasi za watu wenye elimu alipewa jina la Profesa. Na alikuwepo Dzoro muuza kahawa, Dele kwa jina la kijiweni, kama lile dele lake, birika la shaba la kahawa lisilomtoka mkononi. Kigeni kilikuwa kimoja tu: laptopu ya Maxwell, imewekwa juu ya kigoda mbele ya Sheikhan, na Sheikhan mwenyewe amevaa kanzu ya Idi siku isiyokuwa Idi. Ndani ya laptopu hiyo, kutoka Maskati, Bwana Thabit alikuwa akimposea mpwawe Munir binti pekee wa Sheikhan, Swafia, na leo alitaka jibu. Jibu Sheikhan alikuwa nalo. Ila kila alipofungua kinywa kulitoa, mtandao ulikatika.

— Hallo? Bwana Thabit? Hallo!

Uso wa Bwana Thabit ulikuwa umeganda kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja limefumbwa. Kisha ukapotea kabisa.

— Amekwenda, alisema Dele kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba, akamjazia Sheikhan kikombe.

— Msianze kuisingizia laptopu, alisema Maxwell upesi, maana laptopu ilikuwa yake. Tazameni hapa. Mitandao ya majirani yote yaonekana. Wa muuza manukato huu hapa. Wa yule daktari wa meno huu hapa. Wako tu, Sheikhan, ndio hauonekani. Huku si kukatika, ni kutoweka.

— Ni kebo, alisema Yazid.

— Kebo gani? Kebo ya baharini ikikatika si tungekosa sote?

— Profesa, kebo ina nyuzi nyingi ndani. Uko uzi wako, uko uzi wangu, uko uzi wa Sheikhan. Papa yuwautafuna uzi wa Sheikhan.

— Papa amjuaje Sheikhan?

— Hamjui. Ameonja tu, akaupenda.

Sheikhan hakucheka. Mkewe Jawahir alikuwa Bondeni kwa dada yake tangu asubuhi, na kwa anavyomjua, kufikia sasa Bondeni nzima imeshachagua sare za leso za harusi. Na watu wa Maskati ni watu wakubwa, wepesi wa kuudhika. Baba wa msichana akizungumza nao mara tatu bila kutoa neno, watasema anaringa.

Mtandao ulirudi wenyewe kabla kahawa haijapoa. Bwana Thabit akatokea tena, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alianza salamu upya kutoka juu. Akauliza hali ya Sheikhan, hali ya nyumbani, hali ya wazee, hali ya joto la Mombasa, hali ya yule jamaa aliyevunjika mguu. Mtandao ulitulia tuli. Yazid akapenyeza kichwa mbele ya kamera akauliza bahari ya huko ikoje, akajibiwa kwa urefu, na mtandao ukatulia vilevile.

— Alhamdulillahi, alisema Bwana Thabit. Basi Bwana Sheikhan, turudi kwenye lile letu la harusi...

Kulisikika tak! kutoka mahali fulani, na Bwana Thabit akaganda, kidole juu.

— Mumesikia? Yazid aliruka. Hilo ni jino la papa!

— Papa gani wa kusikika Mji wa Kale? Dele alisema, akaweka dele chini, na Dele akiweka dele chini basi jambo limekuwa zito. Jamani, hamuoni? Salamu hazikatiki. Mguu wa jamaa haukatiki. Akitaja harusi tu, mtandao wakatika!

Walimtazama. Hata Sheikhan alimtazama.

— Nyumba hizi kongwe zina wenyewe, Dele aliendelea, akishusha sauti. Kuna jini ukutani humu. Jini wa kike. Hajaolewa. Asikiapo harusi ya mwenziwe, roho yamuuma, yuwazima.

— Upuuzi! alisema Maxwell. Jambo hili lina elimu yake. Mashine hizi husikiliza watu. Wewe taja viatu leo, kesho zitakutangazia viatu mpaka ukome. Sasa hini imesikia harusi. Imetoka mbio kutafuta mapambo, viti, wapishi, mpiga picha, mwenye kukodisha masufuria. Mzigo umeizidi nguvu, imezimia.

— Na jini je?

— Hakuna jini. Ni bidii tu ya mashine.

Wakaamua kufanya jaribio, maana Maxwell alisema penye elimu hapakosi jaribio. Mtandao uliporudi walikaa kimya wote, macho kwenye kioo. Yazid akapewa kazi ya kutaja maneno.

— Samaki! alipaza sauti.

Mtandao shuwari.

— Biriani!

Shuwari.

— Mazishi!

— Wee, Yazid, taja vya heri!

— Tohara! Maulidi!

Shuwari kabisa, ila mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu aliongeza mwendo.

— Harusi!

Tak! Mtandao ukatoweka. Barazani wakapiga yowe kwa pamoja kama waliofungwa bao, hata Sheikhan alijikuta ameshika kichwa. Dele akasema ni jini, Maxwell akasema ni bidii, na Yazid, ambaye hakukubali kuachwa nyuma, akasema papa huyo bila shaka ni papa jike.

— Haidhuru ni nini, Sheikhan alisema. Mimi nina jibu la kutoa leo. Nifanyeje?

— Usilitaje, alisema Maxwell. Zungumza kwa mafumbo. Mashine haijui mafumbo.

Shauri lilikuwa zuri. Mtandao ulirudi, Bwana Thabit akarudi, safari hii amekunja uso kidogo, na kabla hajasema lolote Sheikhan akamuwahi.

— Bwana Thabit, ule mzigo wetu.

— Mzigo gani?

— Ule mzigo, Sheikhan alikonyeza jicho kwa nguvu. Ule mzigo wa thamani, wa kusafirishwa Maskati.

— Ahaa! Bwana Thabit akaangua kicheko. Mzigo! Naam, naam. Wapokezi wako tayari. Basi waruhusu mzigo utoke?

Tak!

Hakuna aliyepiga yowe safari hii. Walitazamana kwa hofu ya kweli.

— Lo, alisema Maxwell polepole. Yajua mafumbo.

— N'shawaambia, Dele alinong'ona. Huyo jini ni mzaliwa wa hapahapa.

Katika hofu ile ndipo alipotokea mgeni, kijana mwembamba mwenye shati la mikono mirefu. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akajieleza kuwa yeye ni Ngowa, karani wa bandarini, amehama kutoka Tononoka na tangu jana ni mpangaji wa ghorofa ya juu kwenye nyumba inayokabiliana na hii. Ameona si adabu kulala karibu na watu bila kuwaamkia. Wakamkaribisha, wakamsogezea nafasi, Dele akamtilia kahawa tungu na kumpa kashata. Kisha wakamsimulia mkasa wote, wote kwa wakati mmoja, na papa na jini na mashine yenye bidii.

Ngowa alisikiliza kwa makini, akimgeukia kila msemaji. Walipomaliza alifuta unga wa kashata vidoleni.

— Na kile kisanduku chenyewe cha waifai kiko wapi?

Ilikuwa ajabu, lakini tangu alasiri ile ianze hakuna aliyekuwa amekifikiria.

— Ndani, alisema Sheikhan. Juu ya kabati la vyombo, hapo nyuma ya dirisha.

Ngowa akainua macho. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyao, mbao zake wazi kuingiza upepo.

— Na ndani kuna mtu?

— Hamna mtu, alisema Sheikhan. Yuko Swafia tu.

Alilisema kama anavyosema mtu kitu asichokifikiria, na lilipokwisha kumtoka alilisikia, na halikumpendeza.

— Swafia ndiye nani, mzee?

— Binti yangu. Ndiye anayeposwa.

— Ahaa. Hongereni. Ngowa akanywa funda la kahawa. Na yeye asemaje?

Maxwell alianza kupangusa vumbi kwenye laptopu, mahali pasipokuwa na vumbi. Yazid akatazama upande wa baharini. Dele alikuwa akijaza kikombe, akakijaza mpaka kahawa ikamwagika kwenye kidole gumba.

— Alinyamaza, Sheikhan alisema mwishowe. Nilimwambia juzi tukila. Akanyamaza. Na sisi kwetu mwana mwari akinyamaza ndio amekubali. Ni kuona haya tu, hawezi kutamka.

Ngowa akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na kejeli usoni, alikuwa mgeni anayetaka kufahamu mambo ya mtaa aliohamia.

— Nisameheni, labda sijaelewa. Hii laptopu ikinyamaza, mwasema pana tatizo, mwalitafuta mpaka chini ya bahari. Swafia akinyamaza, mwasema amekubali. Mwavitofautishaje vimya hivyo viwili?

Watu ambao kwa miaka wamejibu maswali ya vita, ya ukame na ya mwisho wa dunia walikaa kama wamemwagiwa maji. Sheikhan aliiona tena ile juzi. Alimwona Swafia akiweka kijiko, akiinuka kwenda kuosha vyombo, na sahani yake ya wali ikiwa haijaguswa. Aliona kwamba usiku ule hakumuuliza kitu. Alimwambia. Na kabla sabuni haijamkauka mkononi mtoto, Jawahir alikuwa ameshapiga simu Bondeni. Moyo ulimuuma Sheikhan, ukamuuma kwelikweli, maana huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutunga uzi kwenye sindano akiwa amempakata.

Laptopu ikalia. Mtandao ulikuwa umerudi, na Bwana Thabit naye, safari hii hana tabasamu.

— Bwana Sheikhan, nazungumza waziwazi. Twangojea neno lako juu ya harusi hini.

Wote wakainua macho dirishani na kungoja ile tak. Haikuja. Nyuma ya dirisha kulikuwa na mtu anayesikiliza, na sasa kila mmoja alimjua.

— Bwana Thabit, Sheikhan alisema, niwie radhi. Neno nililotaka kukupa si langu. Ningoje kidogo.

Akasimama, akageukia dirisha, kanzu yake ya Idi imeshika vumbi la ukuta mgongoni.

— Swafia mwanangu. Juzi sikukuuliza. Sasa nakuuliza, mbele ya watu. Wamtaka Munir?

Kimya kikapita. Yazid akafungua kinywa kutaka kukifasiri, na Dele akamtia kashata mdomoni.

— La, baba.

Sauti ilitoka safi, ikashuka barazani, ikapita ndani ya laptopu mpaka Maskati. Bwana Thabit alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya kilemba, akaivaa tena.

— Nimesikia, alisema. Na namshukuru. Afadhali leo kuliko siku ya kadhi. Nisalimie nyumbani, Bwana Sheikhan, na yule jamaa wa mguu.

Akaaga kwa dua ndefu, na simu ikakatwa na wenyewe.

Sheikhan alidhani ataona aibu. Aliona hofu kidogo ya Jawahir, hilo hakulificha, lakini juu ya hofu hiyo aliona wepesi, kama mtu aliyeteleza ngazini akashika ukuta. Akakaa palepale chini ya dirisha.

— Kumbe ulikuwa ukizima wewe?

— Ningefanyaje, baba? Kila nikitaka kusema nasikia nyinyi mwacheka.

Maxwell akafunga laptopu taratibu. Ngowa akainuka kutaka kuondoka, akaona amekaa mahali pasipomhusu, lakini Sheikhan alimshika mkono akamkalisha.

— Haya, mwanangu, akasema. Sisi hapa hatucheki tena. Sema yote.

Swafia akaanza na Maskati, kwamba haendi, na kwamba watoto wa darasa analofundisha huko Tononoka hawajamaliza hata herufi. Akaja kwa Munir, ambaye alimwona mara moja tu kwenye karamu, akila halua sahani nzima bila kumsemesha mtu. Akaja kwa mamake, kwa baba mwenyewe, kwa mengi mengine yaliyokaa kifuani mwaka na zaidi, mengine ya kuchekesha na mengine si ya kuchekesha hata kidogo. Alisema mpaka kahawa ya Dele ikamalizika, na hakuna aliyemkata maneno.