Gari Lililochuchumaa

Mshonaji alikuwa akisinzia kwenye basi mpaka mwanamume wa kiti cha mbele, aliyepakata tairi jipya kama mjukuu, alipoanza kubishana na jirani yake, mama dereva wa lori.

"Kaka, pikapu yako ni ya ringi kumi na tano. Hilo dude ni la kumi na nane."

"Nitabadilisha ringi."

"Ukikata kona litasugua madigadi."

"Nitayakata madigadi."

Mshonaji akaguna. Yeye akikosea kipimo hupunguza nguo, hapunguzi mteja.

"Kwani unabeba nini?" mama akauliza.

"Magodoro."

"Magodoro! Na tairi la kupandia milima?"

Mwanamume akashusha sauti, na nusu ya basi ikanyamaza imsikie vizuri. "Dada, mume mpya wa mtalaka wangu ana pikapu iliyoinuka juu. Tukienda kuchukua watoto shuleni huegesha kando yangu. Juzi mwanangu kaniuliza mbona gari letu limechuchumaa."

Mama akalipapasa tairi. "Chukua la kumi na sita," akasema taratibu. "Litaingia bila kukata kitu, na litakuinua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Basi likasimama. Mama akampimia kwa vidole viwili, akamtazama usoni, akavitanua.