Hafidhi Mansuri na Lenzi Zake Mbili

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Hafidhi Iddi Mansuri anastaafu baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wakulima wa mwani kwa miaka thelathini na moja. Robo ya miaka hiyo sisi wenzake tuliimaliza tukimngoja abadilishe lenzi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuwa karani wa ghala hapa Kilindoni. Akakabidhiwa kamera ya ofisi kwa sababu ni yeye peke yake aliyeweza kutia filamu bila kuiunguza. Tangu hapo hajakosa mkutano, mavuno wala ziara ya wageni, na hakuna hata shughuli moja iliyomalizika kwa wakati.

Lenzi yake pana ni ya mandhari: mashamba ya mwani maji yakitoka, minazi ya kijiji cha Kanga, anga lote. Ile ndefu ni ya sura za watu. Tulimsihi achague moja, akakataa. Ofisi ikamnunulia ya zumu, inayofanya kazi zote mbili; aliipokea kwa adabu, akaifungia kabatini, na mpaka leo imo humo. Kubadilisha kwenyewe ni harusi nzima: huupa upepo mgongo, huazima kanga kwa mama aliye karibu, hujifunika ili mchanga usiingie.

Machi 2017, tulipowapeleka wageni Kisiwa cha Bwejuu, alimaliza mandhari akaanza kubadilisha ili apige sura za wenyeji. Nahodha wetu, Kheri, alipaza sauti kutoka botini: "Mzee, maji yanatoka! Hayana habari na lenzi yako!" Naye, kutoka ndani ya kanga: "Naja, mwanangu, naja." Boti ikakaa mchangani, nasi tukakaa nayo mpaka maji yalipojaa tena. Wageni walitumalizia biskuti.

Tumtendee haki: mara moja tulimshinda. Meneja alikuwa na haraka, basi Hafidhi akampiga Bi Kidawa wa Ndagoni picha ya karibu kwa lenzi pana, ambayo hukuza kilicho mbele yake. Kalenda ya ushirika ilipotoka na picha hiyo, Bi Kidawa alifika ofisini kwa bodaboda, kalenda mkononi. "Pua hii ya nani? Yangu ninayo hapa, itazameni!" Akaapa kujitoa kwenye ushirika, yeye na wenzake wote wa Ndagoni. Kesho yake Hafidhi alimfuata kwake, akasimama mbali kidogo, akampiga kwa lenzi ndefu. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake, na wa Ndagoni bado ni wanachama. Tangu siku hiyo hatuna la kusema, ingawa tumeendelea kusema.

Ikabaki picha yake mwenyewe. Aliyetupiga sote hana hata moja, na ratiba hii ya kumuaga ilikuwa lazima iende kuchapwa Alhamisi iliyopita. Tukampeleka pwani ya Ndagoni. Alitaka mandhari yote ionekane nyuma yake, na sura yake isiharibike. Akaninyang'anya kamera abadilishe lenzi, akanirudishia, akaninyang'anya tena. Mawingu yakafunga. Bi Kidawa na Bi Arafa, mkulima mwenzake, walipokuwa wakimshikia kanga kwa mara nyingine, nilitoa simu yangu.

Ndiyo picha mnayoiona jaladani: kanga mbili, mgongo ulioinama na visigino vya Mzee Hafidhi. Yeye hakuipenda. Lakini hakuna aliyeuliza ni nani. "Pua haionekani," alisema Bi Kidawa, "ila ndiye."

Asante, Mzee wetu, kwa kila sura uliyoitunza. Mungu akupe afya, baraka, na familia yenye subira kubwa kuliko yetu. Sasa badilisha lenzi taratibu. Hakuna tena anayekungoja.

Aziza Mbaraka, kwa niaba ya wafanyakazi