Waliocheza Katika "Mtumba wa Saba"

Pale Kayole, kando ya jiko la Millicent muuza kahawa, kuna benchi, na mwenye benchi ni Maiti. Jina lake la kanisani ni Mutisya, lakini tangu aigize mtu aliyeuawa katika "Mtumba wa Saba", hata mchungaji humwita Maiti. Sinema hiyo ya wizi aliitengeneza rafiki yake Bwire kwa kamera ya kuazima, na waigizaji akawaokota papo hapo kijiweni. Bwire ameshatutoka. Imebaki CD moja, na Maiti huihifadhi ndani ya soksi safi. Leo roho iko juu: mpwa wake Koki, anayewaonyesha vijana sinema ukumbini kila Jumamosi, anakuja kuamua kama ataiweka hiyo au ile ya kigeni ya magari yanayoruka.

— Akifika tuongee lugha moja, Maiti aliwaonya wenzake. Hii ni classic. Hakuna studio, hakuna mdhamini, ni Bwire tu na kichwa chake.

— Mwambie vile nilikimbia, alisema Wekulo, aliyeigiza polisi na kubaki na jina la Karau. Maze, wezi wa ukweli walihama mtaa.

— Walihama juu ya mkokoteni wangu, akadakia Musau, aliyesukuma mtumba wa kuibwa katika sinema. Bila mkokoteni kuna muvi hapo?

— Buda, wazungu walikuja wakaona vile nashika pingu, wakaenda kufunza makarau wao.

— Na mkokoteni wakataka kuuweka makumbusho.

— Huo mkokoteni si ulikuwa wangu wa kubebea maji? Millicent aliuliza huku akimimina.

Koki akatokea, begi begani.

— Sasa wazee wangu. Anko, iko wapi?

Maiti aliitoa CD kwenye soksi kwa mikono miwili.

— Waonyeshe hii, Koki. Huu mtaa hakuna mtoto anajua Bwire alikuwa nani. Hiyo inaniuma sana.

— Sawa, Anko. Lakini nitawaambia nini ndio wakuje? Huo mtumba, mwishowe, nani aliiba?

— Kuna msee nilishika, Karau alijaribu.

— Nani?

— Alikuwa amefunikwa uso.

— Mimi nilikuwa nasukuma, alisema Musau. Sikuangalia nyuma.

— Anko?

— Mimi nilikuwa nimekufa, ningejuaje?

Millicent alicheka hadi akaweka birika chini.

— Siku ya kwanza kuonyeshwa, kila mmoja akishajiona alikuwa anatoka nje apongezwe. Anko yako alitoka wa kwanza, maana alikufa mapema. Niliuza kahawa siku hiyo mpaka nikachoka.

— Sasa ndani alibaki nani? Koki akauliza.

Maiti aliangalia viatu vyake. Alimkumbuka Bwire akitoka baadaye, peke yake, akiwauliza wameionaje, nao wakampigia makofi kwa nguvu. Aibu ikampanda hadi masikioni.

— Niongeze kahawa, alimwambia Millicent.

— Imeisha.

Koki akaitia CD begini.

— Jumamosi saa nane, nawaweka mbele kabisa nyinyi watatu. Na mlango natia kufuli.