Boksi la Mzee Shuaibu

Mwanamvua: Haloo? Najim?

Najim: Nani mwenzangu? Sikusikii, niko juu ya—

Mwanamvua: Mwanamvua! Umeshafuta namba ya mchumba wako?

Najim: Aa, mpenzi! Simu mpya hii. Habari za—

Mwanamvua: Mbaya. Baba karudi kutoka kwenye pampu ya maji Makurunge, kavua buti, kasema Ijumaa wazee wako wasilete posa.

Najim: Nimefanya nini tena?

Mwanamvua: Lile boksi ulilofunga kwenye pampu yake, umeliandika nini?

Najim: Si... Mtumwa Namba Mbili.

Mwanamvua: Mtumwa! Bagamoyo hii, Najim! Mji umejaa watu wasiopenda kuulizwa babu yao alifikaje hapa, wewe unambandika baba yangu!

Najim: Si yeye, ni boksi! Kitabu cha Kizungu ndivyo kinavyoita. Boksi la ofisini ni bwana, linauliza: maji yamefika wapi? La pampu ni mtumwa, halisemi mpaka liulizwe. Waya wenyewe mmoja, yakisema pamoja—

Mwanamvua: Na ofisini anakaa—

Najim: —yanavurugana. Kama sisi sasa hivi.

Mwanamvua: Ofisini anakaa Bilali! Kijana tu, kafundishwa kazi na baba! Leo wenzake kazini wamemwita baba, "Mtumwa Namba Mbili, chai tayari!" Hakunywa.

Najim: Yarabi. [mtandao unakwaruza] Niandike "mtumishi"?

Mwanamvua: Thubutu!

Najim: "Mke"?

Mwanamvua: Najim, nakata simu.

Najim: Ngoja, ngoja! Anayeanza kusema ni nani? Boksi la Bilali. La mzee linaitikia tu. Sasa kwetu, anayeanza kuamkia ni nani?

Mwanamvua: Mdogo.

Najim: Na anayeitikia?

Mwanamvua: Mkub— [anacheka] Wee mwendawazimu!

Najim: La Bilali naliandika Shikamoo. La mzee, Marahaba. Kesho asubuhi, kabla ya chai.

Mwanamvua: Subiri, yuko hapa mlangoni, anajifanya hasikii. Baba!... [sauti kwa mbali] Anauliza, hilo la Bilali litamwamkia mara ngapi?

Najim: Kila sekunde mbili. Kutwa kucha.

Mwanamvua: Anasema, wewe umefunga waya pale siku nne. Hujamwamkia hata mara moja.

Najim: ...Kweli. Nilikuwa na haraka. Weka spika, salio linaisha.

Mwanamvua: Nimeweka. Sema.

Najim: Shikamoo, mzee!... Mwanamvua? Mbona kimya?

Mwanamvua: Anazuia kucheka, hajui namwona. Anasema sekunde mbili zimepita, rudia.

Najim: Shikamoo, mzee! Shikamoo! Shika—