Bendera ya Crispus Nyumbani kwa Mama Tryphena

Ndugu zangu wa Werugha, nanyi mliopanda mlima kutoka Voi kwa mvua hii, asanteni kwa kuja. Mimi ni Jedidah, mkwe wa marehemu. Mwalimu Silvanus, mumewe, ameshindwa kusoma, ndiyo maana karatasi hii iko mikononi mwangu.

Mama Tryphena alizaliwa hapa Werugha yapata mwaka 1876. Njaa kubwa iliwachukua wazazi wake wote wawili, akalelewa na shangazi. Utotoni shule hakuiona. Alifundishwa kusoma na mumewe baada ya kuoana mwaka 1893, akabatizwa mwaka 1905. Mwalimu husema hajapata tena mwanafunzi mbishi kama yule.

Alikuwa mkulima. Maharagwe yake aliyateremsha Voi kwa miguu, hata akiwa mjamzito. Tena ndiye aliyeshona bendera ya kanisa. Kengele hatukuwa nayo, kwa hiyo kila Jumamosi jioni Mwalimu alipandisha kitambaa cheupe kwenye mlingoti uani kwake, watu wa ng'ambo ya bonde wajue kesho ni Jumapili.

Mwaka 1917 Crispus, kifungua mimba wake, aliyekuwa mume wangu, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Siku ya kuondoka alimwambia, "Mama, ukungu wa huku utanipoteza. Nikirudi nitatafuta bendera." Ole wetu! Jioni ile Mama aliipandisha bendera, asiishushe tena, na giza likiingia alitundika kandili chini yake.

Jumatano iliyofuata, Mzee Mwandawiro wa ng'ambo alifika na jamaa yake yote, wameoga, wamevaa nguo za ibada. Akamkuta Mwalimu analima.

"Haya, Mwalimu! Unashika jembe siku ya Bwana?"

"Mzee, leo ni Jumatano."

"Bendera yako inasema Jumapili. Nimsadiki nani?"

Tulicheka, lakini wazee wa kanisa hawakucheka. Walimwita Mama, wakamwambia anawapotezea watu siku. Akarudi nyumbani, akapasua shuka yake nyekundu, akasema, "Nyeupe ni ya Mungu. Hii ni ya mwanangu." Nyekundu ikawa ya siku zote nyingine.

Vita viliisha, wabebaji wengine wakarudi, wamekonda, wengine wakikohoa damu. Kila mmoja Mama alimpikia na kumuuliza. Hakuna aliyemwona Crispus akifa, wala aliyejua alikoachwa. Mama aliendelea kununua mafuta ya taa kwa Rashid, mwenye duka kule Voi, ambaye alikuwa akimtania, "Mama, mafuta haya mwayanywa?" Naye alikuwa akijibu, "Twayanywa kwa macho." Njiani akirudi alikuwa akilia. Najua, kwa sababu nilikuwa nikimsaidia kubeba.

Mwaka 1923 aliniketisha jikoni. "Jedidah, wewe bado kijana. Bendera ni yangu, wewe haikufungi." Nilipoolewa na Danson mwaka uliofuata, ni yeye aliyenisindikiza kanisani. Wako waliomsema kwamba amemzika mwanawe akiwa hai. Waliosema mko hapa, na leo nimewaona mkilia.

Mwezi wa Juni alishikwa na kifua, hakuinuka tena. Ijumaa iliyopita, tarehe 12 Agosti 1927, jioni, aliuliza, "Crispus ameingia?" Shemeji zake walininong'oneza, "Mwambie ndiyo, apate kufa vizuri." Sikuweza. Mama yule hakuwahi kunidanganya. Nilimwambia, "Bado, Mama." Akasema, "Basi msifunge mlango." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho; usiku ule akatutoka.

Ameacha mume, Mwalimu Silvanus; binti, Saraphina; mimi mkwewe, na Danson aliyemwita mwana; na wajukuu wanne.

Wazee walitaka jina la Crispus liandikwe kwenye karatasi hii pamoja na waliomtangulia kufa. Nimekataa. Ameacha pia mwana, Crispus, ambaye hatujaambiwa kwamba amekufa.

Mungu ampe Mama usingizi alioukosa miaka yote hii.